Maisha Marefu kwa Mgeni

Mutuini, Alhamisi usiku

Bado namfikiria yule rais mgeni, na zaidi ile sala yangu.

Kwetu mkutano haufunguliwi bila maombi, na leo, pale ukumbini mjini, mwenyekiti alinichagua mimi. Mdomo ukajiendea: "Baba, mpe mgeni wetu afya na maisha marefu." Hata yeye mwenyewe aliitikia amina. Kisha akahutubia saa nzima, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza swali.

Sikutaka afungiwe mlango. Aje, aseme. Lakini ukimwalika mtu ambaye raia wake wanamkimbia, basi aulizwe hadharani kwa nini wanamkimbia. Sisi tulimpigia makofi, tukampa chai.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Salome, mpangaji wangu, akikunja nguo. Mumewe alipotelea kwenye jela za huyo huyo rais. Alikuwa ameniona kwenye taarifa ya habari. Nikaanza kujitetea, eti ni mazoea tu, eti...

"Usijali, mama," akasema. "Hata sisi kanisani tulikuwa tunamwombea vivyo hivyo, askari wamesimama mlangoni."

Akamaliza kukunja shuka, akaniangalia.

"Na wewe leo, nani alikuwa amesimama mlangoni?"