Kamba ya Bibi wa Daraja

Jumatatu, 3 Agosti 1964. Busia.

Kosa la watu wengi ni kwenda sinema wameshika kitabu kama fimbo, tayari kuichapa picha. Nimelieleza hilo tena leo barazani baada ya kuwasomea watu wa sokoni. Kitabu husema na sikio, picha husema na jicho. Kila kimoja kina kazi yake. Wote wakaitikia, isipokuwa Nekesa. Yeye alikuwa anachambua mukene wake, dagaa anaouza sokoni.

Picha inaonyeshwa Tororo Jumamosi! Hadithi ileile ninayowasomea tangu mvua za Machi, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa. Majitu, mji wa mawe, daraja la kamba. Na wenye sinema wameniomba nisimame kando ya pazia na maikrofoni, nifasiri. Mvi zote hizi, na nimeruka kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Jumatano, 5 Agosti.

Nekesa naye anakuja Tororo kuitazama. Mguu wake ulikauka utotoni. Hasafiri ila kwenda hospitali Masafu. Sababu naijua. Kitabuni, mlinzi wa daraja ni bibi kizee anayechechemea. Vita vyote vinapiganwa ndani ya ukungu, na mwandishi haonyeshi jitu hata moja. Bibi analaza sikio kwenye kamba. Anasikia nyayo zao zinavyokuja. Anangoja hadi mtoto wa mwisho wa mji avuke, ndipo anakata.

Siku niliyosoma sura hiyo, Nekesa aliwasahau samaki wake. Tangu hapo soko zima linamwita Bibi Daraja. Zamani walimwita Kiguu.

Mangeni, muuza chumvi, hajapenda. "Tutaona Jumamosi kama bibi yupo. Labda Mwalimu alikutungia."

"Kaa mbele kabisa," Nekesa akamjibu. "Usije ukasema hukuona."

Alhamisi, 6 Agosti. Tororo.

Owere, mwendesha mashine, ameniwekea picha niitazame kwanza. Jitu lilipoinuka nyuma ya mlima nilishika kiti. Najua ni sanamu ndogo iliyopigwa picha kwa karibu. Nilishika hivyo hivyo. Mikuki, moto, farasi wanaoteremka kama maji yaliyovunja ukingo! Sijapata kuona kitu kama hicho.

Kisha daraja. Jua kali, hakuna ukungu. Kijana mzuri, mwana wa mfalme, anakata kamba kwa pigo moja na kutabasamu.

Bibi hayumo. Hata kivuli chake.

Najua kwa nini. Nani atalipa kiingilio atazame ukungu? Ningemweleza mwanafunzi yeyote jambo hili kwa utulivu. Lakini nina hasira. Fimbo nimeishika mwenyewe.

Ijumaa, 7 Agosti. Busia.

Asubuhi nimekwenda kwa Nekesa, nikashindwa kusema. Alikuwa anapiga pasi gauni la kanisani. Mchana nimerudi, nikasema.

"Hayumo?"

"Hayumo, mama."

Amecheka. "Si wewe utakuwa na maikrofoni? Mlete."

Hapa kwetu watu huamini mfasiri ndiye anayeiendesha picha. Nimemweleza habari ya mkanda, taa, mashine. Amesikiliza mpaka mwisho. "Sawa. Nakwenda tu."

Je, nimwite yule kijana bibi? Watu wana macho. Tena nitakuwa nimemwonyesha Mangeni kwamba kweli mimi ni mtunzi. Sijui la kufanya. Jumatatu atarudi sokoni akiwa Kiguu.

Jumamosi, 8 Agosti. Tororo.

Onyesho la alasiri. Ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Nimefasiri mpaka koo limekauka. Jitu lilipotokea, mzee mmoja wa Osukuru aliruka benchi!

Mashine ni moja. Mkanda ukiisha taa huwaka, na mfasiri huzungumza ili watu wasitoke. Mkanda uliisha kabla tu ya daraja. Nilikuwa nimepanga kueleza jinsi majitu yanavyotengenezwa. Badala yake nikamwita Nekesa.

Alikuja polepole, anaburuta mguu. Mangeni alikuwa mbele kabisa. "Kiguu kimefika!" Vicheko ukumbi mzima.

Akashika maikrofoni kwa mikono miwili. "Fumbeni macho," akasema. "Huku kuna ukungu."

Wakafumba. Hata mimi. Akasimulia kamba inavyotetemeka sikioni. Jitu la kwanza limekanyaga ubao. Bado. Mtoto mmoja bado hajavuka. Bado. Akanyamaza, akangoja, nasi tukangoja naye. Mtu akaanza kulia nyuma. Owere alikuwa amesimama na mkanda mkononi, amesahau kazi.

"Amevuka," akasema Nekesa. "Nikakata."

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Taa zikazimwa, picha ikarudi, kijana akainua upanga juu ya kamba. Wa kwanza kupiga kelele alikuwa Mangeni!

"Wewe! Wacha kamba ya mama!"

"Toka hapo, mrembo!" wengine wakadakia.

"Rudi kwenu ukapake mafuta!"

Sikuweza kufasiri. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta.

Jumapili, 9 Agosti. Busia.

Kanisani, kisha nyumbani. Mvua kidogo.

Nekesa amepita. Hakuzungumza habari ya kijana. Amesema tu, "Lile jitu la mwisho lilikuwa limechoka." Kweli. Kabla ya kuanguka liligeuza uso, kama linamtafuta mwenzake. Kitabuni halina uso. Miezi yote nimelisoma kwa sauti ya ukali. Picha nayo imenipa kitu.

Mangeni amempita mlangoni kwangu. "Habari ya asubuhi, Bibi Daraja." Akaenda zake.

Watu wanataka sura ile tena. Basi, Mwalimu, leo jioni ifungue, isome polepole, na ukifika kwenye kamba, nyamaza, umwachie Nekesa akate.