Saa Sita Nilizozificha

Jumatatu, 3 Machi

Makala imetoka. Nimeiona saa nne asubuhi kwenye kompyuta ya jirani yangu kazini, chai ikiwa bado mdomoni. Kurasa kumi na nne. "Minara Inayojua Kulala." Jina zuri – nililibuni mimi, ubaoni, kwa kalamu ya kijani!

Waandishi ni wawili. Wa kwanza ni mkuu wa maabara yetu, tunayemwita Antena, maana akiingia mtu mkubwa kuliko yeye kichwa chake humfuata kila pembe ya chumba. Wa pili ni Ndiyo-Mzee. Huyo hana haja ya kuelezwa.

Mimi? Nimetafuta. Nimetafuta tena. Ukurasa wa mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya fundi wa umeme: "na wasaidizi walionakili takwimu." Hata jina sina.

Miaka miwili! Minara kumi na sita ya simu, nimeifikia yote kwa miguu yangu. Jozi tatu za viatu. Swali lilikuwa langu: mnara upumzishwe saa ngapi, umeme usipotee bure, na mtu asikose simu? Programu inayojibu swali hilo niliiandika mimi. Antena alikuwa anapita mlangoni na kikombe, anauliza, "Tunaendeleaje, binti yangu?" Tunaendeleaje. Sisi na nani?

Nimejifungia chooni nikalia. Nikanawa uso. Nikarudi mezani kama hakuna kitu. Atanilipa huyu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeisoma makala yote, neno kwa neno, na peni nyekundu mkononi. Nilikuwa natafuta tu mahali pa kuuma. Nimepata zaidi ya hapo.

Picha ya tano. Minara saba ya pembezoni, nako ndiko nilikozaliwa. Makala inasema kule simu hukoma saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Inaeleza na sababu: "Wakazi wa maeneo hayo hulala mapema." Kama kuku! Nani kamwambia? Huo ndio muda ambao kule hata mtoto anagombania simu na baba yake.

Nimekaa nikaangalia ile picha mpaka macho yakauma. Halafu nikaelewa, nikacheka peke yangu kama kichaa.

Minara ile saba ni ya zamani. Kisanduku chake cha kuhesabu simu kinaonyesha namba tu, hakihifadhi. Kwa hiyo walinzi walikuwa wananinakilia kila saa kwenye daftari. Na mlinzi anaandika saa anayoijua yeye: saa moja ni asubuhi jua likitoka, siyo katikati ya usiku. Mimi niliziingiza hivyo hivyo, moja mpaka ishirini na nne, kuanzia asubuhi. Takwimu haziguswi, ndivyo nilivyofundishwa. Marekebisho niliyaweka pembeni, kwenye faili dogo nililoliita "geuza". Kazi yake moja tu: kuongeza saa sita.

Antena amechukua takwimu. Hakuchukua geuza! Hakujua hata lipo. Kwa walinzi, kumi na nane ni saa sita ya usiku, watu wamelala. Kwa kompyuta ya Antena, kumi na nane ni saa kumi na mbili ya jioni. Ameigeuza siku ya watu kichwa chini miguu juu, akaiwekea na sahihi.

Ni kosa ambalo mlinzi yeyote angeliona kwa jicho moja. Lakini Antena amuulize mlinzi? Afunge safari mpaka kule, na viatu vyake vile?

Sisemi kitu. Nimekula jiwe.

Alhamisi, 6 Machi

Sikukula jiwe. Leo kwenye kikao amesimama akapongeza "timu nzima". Watu wakapiga makofi. Nami nikajikuta nimesimama, nikapaza sauti: wewe ni mwizi, na hii kazi itakutokea puani, nakuapia mbele ya hawa wote!

Ndiyo-Mzee ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Antena akatabasamu, akasema taratibu kwamba binti yetu amechoka, apewe likizo. Likizo hiyo siichukui.

Nimerudi mezani nikaingia kwenye kompyuta kuu ya maabara. Nimelitoa faili la geuza, nakala zote. Limebaki moja tu, kwenye flashi, ndani ya pochi yangu. Nimebeba na birika langu la umeme pia. Wanywe chai baridi.

Jumanne, 11 Machi

Habari kubwa. Kampuni ya simu imeipenda makala. Ijumaa ya tarehe 28 kuna kongamano, na Antena atalaza minara mitatu papo hapo, mbele ya wageni, saa kumi na mbili kamili jioni. Wataizima kwa saa nne nzima. Mnara ukishapokea amri hiyo unaziba masikio. Hauamki mpaka saa nne ifike, au mtu aende mwenyewe akanyanyue swichi kwa mkono.

Saa kumi na mbili jioni! Maelfu ya watu simu zao zitakufa mkononi. Watalalamika mpaka paa la kampuni ling'oke. Na hapo ndipo nitakaponyoosha mkono, kwa adabu zote: "Samahani Profesa, walinzi walikuwa wanahesabu saa kuanzia wapi?"

Nimelala vizuri jana, mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Nimeangalia orodha yao: mnara wa nne, wa kumi na mbili, wa kumi na tano. Soko, kiwanda, nyumba za walimu. Hakuna atakayeumia. Watakasirika tu. Nawahitaji wakasirike.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda kwa dada. Yeye ni mkunga wa zahanati, na nyumba yake iko ukuta mmoja na wodi ya wazazi. Dirishani mwake unaona mnara wa tisa, mita mia tu. Ameniangalia akasema, "We mtoto umekonda. Nani kakuudhi, nikamtie sindano?"

Nikamweleza yote. Alikuwa anakunja mashuka, hakuacha kukunja. Nilipomaliza akauliza swali moja: kwa nini usimwambie tu kwamba kakosea? Nikamwambia hajui uchungu wangu. Akacheka sana! Ananiambia: mimi kila siku nakaa na wenye uchungu.

Mama Daftari naye alipita kusalimia. Ni mlinzi wa ule mnara wa tisa, mwandiko wake umenyooka kuliko wa Antena. Mistari kwa rula, hajaruka saa hata moja ya zamu yake miezi kumi na nane. Akauliza kama kitabu chetu kimetoka. Nikasema bado. Akasema kikitoka nimletee, hata kama hataelewa, aone tu zile namba zake.

Njia nzima nimekasirika upya. Kuna mwingine tena wa kulipiziwa.

Jumatano, 19 Machi

Nafanya mazoezi ya swali langu mbele ya kioo. Kwa upole. Nimepiga pasi gauni la bluu. Nataka wakati anatafuta jibu anione nimependeza.

Jumatatu, 24 Machi

Ndiyo-Mzee amekuja mezani kwangu, anazungukazunguka. Mwishowe akaropoka: dada, hivi kweli watu wa kule wanalala jua likizama? Shangazi yangu anakaa huko, mbona hunipigia saa mbili usiku?

Jamaa ana akili kumbe! Nikamjibu, kavu: muulize bosi wako, mimi ni wa kunakili tu.

Ameondoka kichwa chini. Nilimhurumia kidogo. Kidogo sana.

Ijumaa, 28 Machi

Saa tatu asubuhi. Ukumbi umejaa maua ya plastiki. Antena kavaa suti mpya, lebo bado iko kwenye mkono wa koti. Simwambii.

Saa saba. Dada ameandika: leo kazi ipo, wawili wako chumbani, wa pili ndiye ananitia wasiwasi. Nitakupigia jioni unisimulie alivyoumbuka. Nimemrudishia kicheko.

Saa kumi na robo. Mungu wangu.

Wamebadilisha. Betri za mnara wa nne zimekorofisha tangu asubuhi, fundi kasema usiguswe. Wamechukua mwingine badala yake. Nimeuona kwenye ukuta, kwenye picha kubwa ya minara yote, una duara jekundu.

Wa tisa.

Saa kumi na moja kasoro. Nimemwendea. Nimemkuta mezani pa chai, katikati ya wageni. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kila kitu, haraka haraka: saa za walinzi, saa sita, geuza, zahanati. Nikatoa flashi.

Amesikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, taratibu, kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa: kosa hili umeligundua lini, binti yangu? Nikasema tarehe nne. Akasema, yaani siku ishirini na nne umekaa nalo, leo saa moja kabla ya onyesho langu ndipo unalileta?

Nikamsogezea flashi tena.

Akasema sauti yangu ya kwenye kikao bado anaisikia: "itakutokea puani." Kwamba hataweka kitu changu chochote kwenye kompyuta yake leo, nani anajua kuna nini ndani? Akaniambia nikae nifurahie. Akarudi kwa wageni, kichwa kikamgeukia mkubwa wa kampuni.

Na mimi ningekuwa yeye nisingemwamini mtu kama mimi.

Saa kumi na moja na nusu. Nimempigia dada, simu inaita tu. Atakuwa amevaa glovu. Nimemwandikia: mtandao utakatika saa kumi na mbili, kama unahitaji gari la wagonjwa liite SASA. Mama Daftari naye hapokei, zamu yake inaanza kumi na mbili. Mkubwa wa kampuni kazungukwa, walinzi wake wameniambia: mama, maswali mwishoni. Nimekwenda mpaka mezani kwa fundi wa onyesho. Anasema amri imeshapangwa, kuitoa ni mpaka Profesa aseme.

Nimepanda jukwaani. Ndiyo, na gauni langu la bluu. Nimeshika kipaza sauti nikasema msilaze mnara wa tisa, kuna wajawazito! Kikazimwa katikati ya neno. Watu wakacheka, wengine wakanionea huruma, na huruma ndiyo mbaya zaidi. Nimetolewa nje kwa mlango wa jikoni.

Saa kumi na mbili na dakika tano. Nimesikia makofi kupitia ukutani.

Dada hapatikani. Mama Daftari hapatikani. Funguo za chumba cha swichi ziko kiunoni mwake, na simu yake inategemea mnara uleule. Mtu wa kuuamsha hana njia ya kuambiwa.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Naandika ndani ya gari la Ndiyo-Mzee. Alinifuata jikoni, funguo mkononi, jasho linamtoka. Tangu nimjue ndiyo mara ya kwanza kumwachia bosi mkutano. Hajaniuliza nina uhakika gani. Ameuliza jambo moja tu, macho barabarani: nilipokuja kwako Jumatatu, ulikuwa unajua?

Nimesema ndiyo.

Anaendesha vizuri.

Foleni imesimama kwenye daraja. Tuna mwendo wa dakika arobaini, kama njia itafunguka. Simu ya mkubwa wa kampuni itakuwa inawaka moto sasa hivi. Kule ukumbini Antena atakuwa anaanza kutokwa jasho, na kesho jina lake litakuwa limekwisha. Vile vile kama nilivyopanga, saa ileile, dakika ileile. Nangoja furaha. Haiji.

Nafungua ujumbe wa dada, nausoma tena. Uliingia nikiwa nasukumwa mlangoni, sikuuona mpaka tulipoingia garini. Hajajibu nilichomwandikia, nadhani hakukisoma. Anasema: huyu wa pili anatoka damu nyingi, namfunga dripu halafu nampigia dereva wa gari la wagonjwa, usinipigie kwa sasa. Namba ya dereva anayo yeye tu.

Ameutuma saa kumi na mbili kasoro dakika mbili.

Dripu hufungwa kwa dakika ngapi? Nimemuuliza Ndiyo-Mzee. Hajui. Gari la mbele limesogea kidogo. Nampigia dada tena.