Kabla Chuma Hakijagusa Diski

Jumatatu, 3 Machi

Nimeona jambo leo na sina wa kumwambia. Naliandika hapa nisije nikapasuka.

Muuza mikate alileta baiskeli yake dukani. Toka barabarani anapaza sauti, "Fundi, pedi zangu zimekwisha!" Wanawake waliokuwa wakipita wakaangua kicheko, naye akabaki kujitetea — za breki jamani, za breki! Hata mume wangu kacheka. Kafungua gurudumu la mbele, katoa pedi kuukuu, katia mpya. Kazi aliyoanza kuifanya kabla hatujaoana. Kisha kaenda kunawa mikono.

Nikainama nipime upepo. Hapa dukani matairi ni yangu, breki ni zake. Jicho likatua kwenye breki. Pedi moja imewekwa kinyume! Mgongo wa chuma umeelekea diski, ile sahani ya gurudumu inayobanwa, na upande wa kubana umetazama nje. Hata anayejifunza siku ya kwanza hakosei hivyo. Yule mtu angeshuka nayo mteremkoni, chuma kwa chuma.

Nimeichomoa, nimeigeuza, nimeirudisha. Haraka, kama mwizi. Mume wangu karudi anajifuta, anamwambia muuza mikate: bana breki mara kadhaa kwenye tambarare kwanza, pedi mpya lazima izoeane na diski. Kila neno sahihi. Sauti ile ile ya ufundi.

Nikashika pampu, nikaendelea na tairi.

Alhamisi, 6 Machi

Rafuni kuna makopo mawili, la spiriti ya kusafishia diski na la mafuta ya mnyororo. Kimo kimoja, rangi tofauti. Leo mume wangu kachukua la mafuta, kapulizia diski. Diski! Yeye anayenigombeza nikiigusa kwa kidole tu — eti jasho la mkono linatosha kuharibu breki. Mafua yamembana, hakunusa. Mimi nimenusa.

Pedi zikishakunywa mafuta hazina dawa. Nimesubiri atoke, nikasugua diski kwa spiriti, nikatupa pedi, nikatia nyingine. Mwenye baiskeli nimemwambia zile zilikuwa na ufa. Sikuwahi kumdanganya mteja.

Jioni, mume wangu akimimina chai, nusu ikamwagikia mezani. Kalaumu taa. Taa tumebadilisha mwezi jana.

Jumanne, 11 Machi

Nimembembeleza, nimenuna, nimelia — hatimaye kakubali kwenda. Daktari wa macho ni binti mdogo, mpole. Presha ya macho, kasema. Imekuwa ikila pembeni kimyakimya miaka mingi, sasa inaingia katikati. Kilichopotea hakirudi. Matone ni ya kulinda kilichobaki.

Mume wangu kauliza swali moja tu. Na hicho kilichobaki, kitakaa?

Daktari katazama mikono yake. Kasema kila mtu na jicho lake.

Tulipokuwa tunavuka barabara kurudi, kanishika bega. Mwanaume huyu hajawahi kunishika mbele za watu! Enzi za ujana ningeringa mtaa mzima. Leo nimetembea wima, sigeuki, asije akaona ninavyolia. Halafu nikakumbuka.

Asingeona.

Jumatano, 19 Machi

Yamefumuka.

Siku hizi nawahi kufungua duka, namwambia nafagia. Sifagii. Nakagua kila breki aliyofunga jana yake. Nyingi ziko sawa. Nyingine, mh! Pedi nyembamba kaziacha, nzuri kazitupa.

Leo kanikuta. Nimepiga magoti, gurudumu chini, tochi mdomoni. Kasimama mlangoni, anasikiliza. Kisha polepole: "Hiyo spana ni yangu. Naijua inavyolia."

Nikatema tochi. "Nilikuwa naangalia tu..."

"Tangu lini?"

Nikaweka spana chini.

"Nimekuuliza tangu lini, mama watoto."

"Tangu muuza mikate."

Sura ikamshuka. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. "Kumbe siku zote hizi mimi nacheza. Nacheza kama mtoto, na wewe unapita nyuma yangu unaokota."

"Watu wanashuka mteremko na breki hizi, baba!"

"Si ungeniambia? Hapahapa, usoni. Ungesema, hii umekosea. Umeamua kunizika nikiwa napumua."

Nimemwapia sitafungua tena kazi yake kwa siri. Nikiona kitu nitasema, palepale. Kaitikia kwa kichwa. Chakula hakugusa. Mimi pia.

Jumapili, 23 Machi

Binti yetu kapiga simu. Anataka tufunge duka, tukakae kwake. Nimesahau kwamba sauti ya simu iko juu. Kutoka chumbani baba yake kasema: mwambie mimi si mzigo wa kusafirishwa. Binti kasikia. Akaanza kulia kule, mimi huku, na hakuna aliyekata simu.

Jumatano, 26 Machi

Afadhali leo!

Kamwaga kopo la pedi kuukuu mezani, kafumba macho kabisa. Anapitisha ukucha wa dole gumba ubavuni mwa kila pedi, pale sehemu inayolika inapokutana na chuma cha mgongoni. Kaniambia nimjaribu.

"Hii?"

"Imekwisha. Unene wa kadi tu, hiyo haingojwi. Unaibadilisha kabla chuma hakijagusa diski."

Kweli.

"Na hii?"

"Bado ina maisha."

Kweli.

"Hii je?"

"Hii imekuwa laini kama kioo. Ndiyo iliyokuwa inapiga kelele. Ipige msasa kidogo, irudi kazini."

Kweli tupu! Tumecheka mpaka mshonaji wa jirani akachungulia. Mume wangu kanishika mkono mbele yake. Sijui ni mapenzi au alikuwa anatafuta ukingo wa meza. Sijauliza. Nimeuacha mkono wangu palepale.

Ijumaa, 28 Machi

Naandika hapahapa dukani, mchana, ili mikono ipate kazi.

Mkunga kaingia sasa hivi, mbio mbio. Huyu kazalisha nusu ya mtaa. Wajukuu wetu wote wawili walianza kushikwa na mikono yake. Baiskeli yake haiguswi na fundi mwingine. Kuna mama kashikwa na uchungu kule chini, mwisho wa mteremko. "Baba, breki ya mbele inakwaruza tangu jana. Niangalizie nikimbie."

Mume wangu kainuka kama kijana. Gurudumu nje, pedi nje. Mkunga hajui kitu — tulikubaliana watu wasiambiwe kwanza. Anasimulia habari za mtoto aliyezaliwa jana na nywele za kutosha kusuka. Anacheka. Mume wangu anacheka. Ukucha unapita ubavuni mwa pedi.

"Hii bado, mwanangu. Ni vumbi tu. Naisugua, unaondoka."

Lakini mimi niko upande wa pili wa meza, na mwanga wa mlango unapiga huku. Pedi imelika mshazari. Ubavu alioushika yeye ni mnene kweli, hajakosea. Ubavu ulionielekea mimi umekwisha, chuma kiko wazi, kinameta. Na diski ina michirizi.

Anapiga msasa. Anapuliza vumbi. Mkunga anafunga mkoba wake nyuma ya kiti.

Pedi mpya ziko kwenye droo, hapa gotini kwangu. Niliapa nitasema palepale. Ila nilipoapa tulikuwa wawili tu. Sasa yupo huyu, anayemwita baba, anayemtazama kama alivyomtazama miaka yote. Na mume wangu, leo ndiyo mara ya kwanza tangu tutoke kwa daktari naona mgongo wake umenyooka.

Anarudisha pedi. Kaipata nafasi yake bila kupapasa. Gurudumu limeingia. Anakaza. Hapo kalamu ikanisimama, mkwaruzo wake ukakatika.

"Haya mwanangu." Lakini usukani hajauachia. Mkunga ameshika upande mmoja, yeye upande mwingine. Kageuza kichwa. Macho yameelekea dirishani, sikio liko kwangu.

"Mama watoto," kasema, "mbona umeacha kuandika?"