Gari Langu Linakunywa Pipa Moja na Karasha

Mpendwa mshauri wetu Dada Rhoda, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nirudishie humohumo gazetini, naomba msaada wako ingawa mimi ni mtu wa kusaidia watu na kuomba sijazoea. Naitwa Maganga, nachimba dhahabu Nyarugusu huku Geita, shule niliishia la tano lakini nimetembea, Mirerani nimefika, Chunya nimefika, Lubumbashi nimeagiza chakula kwa lugha nisiyoijua na nikashiba, kwa hiyo ukiona mtu kama mimi ameshika kalamu ujue maji yamefika shingoni.

Mwaka huu duara letu, yaani shimo tunalochimba kwa ushirika, lilitema dhahabu, kila mwenye hisa akafanya lake, mimi nikanunua pikapu ya dizeli ya milango minne, gari la kwanza katika ukoo wetu tangu dunia iumbwe, na nikamtangazia kila mtu kwamba petroli ni ya watu wa lami, dizeli ndiyo ya wanaume, injini yake inakunywa chochote hata supu. Sasa hapa kwetu kuna desturi kwamba gari lililotoka kwenye duara linanyweshwa na duara ili bahati isihame, na maana yake ni lile pipa la dizeli linaloendesha karasha letu la kusagia mawe, na msimamizi wetu Mzee Bartholomeo alinijazia mara ya kwanza kwa mkono wake, kwa dumu na mpira, watu wakapiga makofi, na tangu siku hiyo mimi sheli ya mafuta naipita tu nawapungia wahudumu mkono.

Dada, gari likaanza kutetemeka asubuhi kama lina malaria, likifika kwenye mlima linakosa nguvu, linatoa moshi mweupe, halafu kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano, nikaivumilia, ikaendelea kunikodolea macho, nikaibandika plasta. Juzi nilikuwa nimempakia mke wangu Paskazia, mjamzito wa miezi saba, tunatoka kliniki, gari likazimika katikati ya vumbi na likagoma kabisa, akashuka akakaa kwenye jiwe na tumbo lake huku mimi nawaeleza wapita njia kwamba injini inapumzika. Mtoto wetu wa kwanza, Suzana, alizaliwa kwa upasuaji pale hospitali ya Kolandoto, Shinyanga, na safari hii nesi amesema mama asithubutu kusubiri uchungu nyumbani, awahi akakae karibu na hospitali, na bahati nzuri dada yake Paskazia anaishi hukohuko Kolandoto, na ukweli ni kwamba gari hili nililinunua nikiwa na safari hiyo kichwani, ila sikumwambia mtu kwa sababu wachimbaji wangenicheka mpaka Krismasi. Sasa Paskazia kaniambia, "Baba Suzana, mimi nitapanda basi. Basi halina maneno mengi."

Fundi aliyekuja kulivuta kasema mafuta yana maji na mchanga, niachane na pipa. Nikamgusia Mzee Bartholomeo kwamba nafikiria kuanza kujaza sheli, akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu, akasema, "Ngosha, mafuta yaliyokununulia gari leo yanakunukia? Haya. Siku shimo likikauka tutajua bahati imemfuata nani." Wenzangu wakanipa mgongo wakashuka shimoni, na wale watu huwa hawaachi soga hata wakiwa wanakula. Nikiacha pipa nitaonekana nimewadharau, nikiendelea nalo mke wangu ataenda kujifungua kwa basi huku gari la mumewe liko uani kuku wanataga ndani. Nifanyeje, na dizeli ya kweli inapatikana wapi?

Maganga, Nyarugusu

Dada Rhoda anajibu:

Marahaba, Baba Suzana, nimekuzidi. Mimi nimefanya biashara ya mchele pale Kagongwa kwa lori la dizeli, kwa hiyo uliposema supu nilicheka, kisha nikakasirika. Injini ya karasha lenu ni ya zamani na ina subira. Ya gari lako ina nozeli za kunyunyizia mafuta, zenye vitundu vidogo kuliko macho yako yanavyoweza kuona. Pipa linashinda juani karibu na vumbi la mawe, usiku linapoa na kutoa jasho kwa ndani, na dumu lililochota maji jana ndilo linachota dizeli leo. Hapo unalinywesha gari tope.

Bandua hiyo plasta leo. Gari lilikuwa linakwambia kuna maji kwenye chujio, wewe ukaliziba mdomo.

Usiliwashe tena hata kwa kujaribu. Fundi ashushe tenki alioshe, aweke chujio jipya la dizeli, atoe upepo kwenye njia ya mafuta, na nozeli zikapimwe. Mafuta yatakayomwagwa msiyarudishe pipani, pakeni nguzo za banda mchwa wasile. Baada ya hapo jaza kwenye sheli yenye foleni ya malori, maana mafuta yanayotoka haraka hayapati muda wa kulala na maji. Ukikuta lori la mafuta linashusha mzigo, nenda zako urudi baadaye, uchafu wa chini umeshavurugwa. Usisubiri tenki likauke. Na simama uangalie bomba wanaloshika ni la dizeli, kwa sababu mtu anayesimulia Lubumbashi anaweza kujaziwa petroli asijue. Fundi akuonyeshe pia namna ya kumwaga maji chini ya chujio, na kwa vumbi la Nyarugusu chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara. Asubuhi subiri taa ya koili, ile inayopasha injini moto, izime ndipo upige stata. Huchelewi kitu.

Sasa Mzee Bartholomeo. Yule hajakasirikia dizeli. Alikujazia mbele za watu kwa mkono wake, na wewe ukaenda kumwambia habari za sheli bila kumwambia habari za mkeo. Nendeni kwake wawili, mwamkieni, mweleze alichosema nesi na kwa nini ulinunua gari. Kama atacheka, acha acheke. Kisha mwombe awasindikize Kolandoto, akae mbele. Mkifika sheli ashuke, ashike bomba yeye mwenyewe, ajaze. Desturi yenu inataka gari linyweshwe na duara, na duara ni mkono wake. Pipa ni bati tu.

Ondokeni mapema, kabla uchungu haujafikiriwa. Ikiwa siku hiyo fundi bado hajamaliza, usilazimishe: panda basi na mkeo, mbebee begi. Lakini mimi naona gari litakuwa limepona. Paskazia akishakaa nyuma na mlango ukafungwa, washa, halafu nyamaza mpaka mfike barabara kuu. Mwache aisikilize injini.