Majivu ya Miti Yangu

Jumanne, 25 Desemba 2007
Nimemwagia miti maji kama kila asubuhi. Mitatu, ya majani membamba. Mtaa wetu wa Soweto West mzima hakuna mzee ako na miti kama hii. Mwalimu wa miti aliniletea vijiti. Anaita wilo. Alisema zinanyonya madini ya risasi, ile sumu ya betri, kutoka kwa udongo, zinaweka ndani ya mti.

Hayo madini ni yangu. Miaka thelathini nimepasua betri za magari hapo. Fundi kama mimi hakuna. Lakini sijaambia mtu. Nilisema tu, miti isiguswe. Mzee akisema imetosha.

Jumatatu, 31 Desemba
Tangu matokeo ya kura yatangazwe, moshi kila upande. Kibanda changu kimevunjwa. Jirani yangu Okoth amenitoa kwa njia ya Ayany, akitembea mbele ndio vijana wa kabila yake wasiniguse. Rafiki wa miaka ishirini.
"Enda kwa binti yako, Mzee. Miti nitachunga."
Ameapa kwa kaburi ya mama yake.

Jumamosi, 12 Januari 2008
Kawangware. Nakaa kwa binti yangu kama mgeni. Makaa hakuna. Huku pia watu wanaogopana. Namwamini Okoth.

Jumapili, 2 Machi
Nimerudi. Atieno, bibi ya Okoth, amenipikia mboga ya mrenda. Laini sana. Nimemaliza sahani mbili, nikamsifu.
Akacheka. "Ni maji ya majivu, Baba. Majivu ya miti yako ni tamu kuliko magadi."
Nikaenda nyuma, penye miti. Visiki vitatu.
Okoth aliapa. Nimemwita mwizi mbele ya watoto wake.
"Makaa iliisha, Mzee. Watoto wangekula unga mbichi?"
Nimetoka bila kuaga. Heri adui.

Jumatatu, 3 Machi
Siongei na Okoth. Amenisaliti, basi.
Lakini mwalimu alisema ukichoma hiyo mti, madini haiendi na moshi. Nyingi inabaki kwa majivu. Na Atieno anachuja majivu, anapikia mboga. Watoto wanne. Mdogo hata meno hajamaliza kuota.
Nikisema, watajua nani alimwaga hiyo sumu.
Yeye ndiye alivunja kiapo. Si mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimeenda. Nimeomba debe ya majivu. Nimesema yote, mpaka betri.
Atieno amemwaga sufuria iliyokuwa jikoni. Okoth ameuliza kitu moja tu.
"Ulijua tangu lini?"
Nikamwambia, tangu mwalimu alete vijiti.

Jumatano, 5 Machi
Debe nimefunga kwa gunia. Mwalimu atachukua.
Okoth amepita na watoto wote wanne, wanaenda kliniki. Mdogo amenipungia mkono. Okoth ameushusha.
Nimemwagia visiki maji.