Mito ya Jakuzi Imebabuka

Baba Nurudini,

Maharage yapo jikoni, yapashe moto. Wageni waliopanga chumba cha pili wanaondoka saa nne.

Asubuhi umenifokea mbele yao, eti mito ya kuegemea kichwa kwenye jakuzi la kuogea wageni inabanduka kwa uzembe wangu. Ni klorini. Unaimwaga dawa hiyo mito ikiwa bado majini, halafu unafunika! Itoe kwanza, isuuze kwa maji safi, ianike kivulini, siyo juu ya bati kama muhogo.

Nimekwenda Makere kwa mama. Nitarudi ~~kesho~~ nikiitwa.

Kubabuka kwa mito umekuona ndani ya miezi mitatu. Mikono yangu inayosugua jakuzi hilo inachubuka kwa klorini hiyohiyo, huu mwaka wa pili. Na chai unaipokea kutoka mikono hiyo kila asubuhi.

Mama Nurudini