Macho ya Wafula

Ijumaa, Mei 1973. Hodge Hill.

Shajara yangu, ni saa mbili usiku na jua la Birmingham bado linang'aa, ila upepo ni baridi. Ni wiki tatu na siku moja tangu niwe mke wa Wafula. Bado naliandika jina lake baada ya langu pembeni mwa daftari la uuguzi, nikitabasamu peke yangu.

Lakini leo sijaliandika.

Kesho saa nne asubuhi mume wangu anajaribiwa. Carl, Mmarekani anayefanya naye kazi kiwandani Tyseley, zamani alicheza futiboli ya kwao ya kulipwa, ile ya mpira wenye ncha unaoshikwa kwa mikono. Alimwona Wafula akikimbia mita mia, akaanza kumfundisha kuwa mdakaji, yule anayechomoka pembeni na kupokea mpira unaorushwa mbali. Akiridhika kesho, atamwandikia kocha rafiki yake, na Julai Wafula ataenda Marekani kwenye kambi ya wachezaji wapya. Mimi nitabaki. Nina mwaka mzima wa mafunzo hospitalini.

Carl anasema mbio humfikisha mgeni mlangoni tu. Wengi hurudishwa nyumbani na kasi yao. Anayebaki ni yule anayekata kona kwenye hatua ileile kila mara, hata mrushaji aweze kuuachia mpira kabla mdakaji hajageuka. Ni yule anayemzuia mpinzani hata mpira usipokuwa wake. Zaidi ya yote, anautazama mpira mpaka uingie mikononi, ndipo afikirie kukimbia.

Na Wafula wangu anaiangusha mipira.

"Kijana, mpira hauna meno!" Carl alimpigia kelele Jumanne, uwanjani Great Barr. "Unautazama?"

"Nautazama, bwana!"

"Basi mikono yako ni mbao."

Kazi yangu ni kusimama mbele kabisa niokote inayopita. Carl hurusha kutoka nyuma, humwona mgongo. Uso wake nauona mimi peke yangu. Jumanne niliona mpira ukikaribia kumfikia, macho yake yakauacha, yakanijia mimi. Oh, nilivyofurahi! Nilidhani ni mapenzi.

Mara ya tatu nikaelewa. Nyumbani alikimbia mbio za kupokezana kijiti tangu shule, na kijiti hupokewa bila kutazama, macho mbele. Mwili wake haujasahau. Mwenyewe hajui.

Nikanyamaza. Jumatano nikanyamaza. Jana nikampikia chapati, nikanyamaza.

Niseme kweli: nilitaka aiangushe.

Leo alirudi kutoka kazini, akakaa kitandani akijikanda vidole kwa mafuta ya moto, kimoja kimoja, ili mikono isiwe mbao. Nilimtazama nikashindwa. Nikamwambia yote.

Aliacha kujikanda.

"Umejua tangu lini, mke wangu?"

"Jumanne."

"Carl ananiita mbao, na wewe unajua?"

Akafuta mafuta mikononi, akachukua mpira, akateremka uani. Nikamfuata na plasta zangu za hospitali. Kila nilipotaka kurusha nilibandika plasta kwenye ncha ya mpira na kuandika herufi, naye alipaswa kuisoma kabla ya kudaka.

"K!" akaita. "B! R!"

Mama Kaur, mwenye nyumba wetu aliyetoka Kisumu, akachungulia dirisha la jikoni. "Wewe bibi, bwana yako hajui kusoma?"

"Anajifunza, Mama!" Wafula akajibu, na hapo tu nikamwona akicheka. Kwa Mama Kaur, si kwangu.

Hakuangusha hata mmoja.

Sasa anapiga pasi kaptura yake na hazungumzi sana. Kesho nitasimama palepale, mbele yake, na kwa mara ya kwanza hatanitazama. Mungu wangu, nisaidie nitamani adake.